Shokapu ya Kushoto

Benchi la mbele ya gereji ya Fundi Dakika ni ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori, na asubuhi ile lilielemewa na wataalamu. Pikipiki ya Chanjo ilikuwa imeegemezwa ukutani, ile ndefu ya kupandia milima, taa imepasuka, usukani umepinda. Chanjo mwenyewe, mpeleka chanjo wa vijiji vya juu, alikuwa ameanguka nayo jana akishuka mteremko wa huko, na sasa yuko hospitalini, mguu wa kushoto umesagika, na madaktari hawajasema kama utabaki. Fundi ndiye aliyeihudumia pikipiki hiyo tangu ije, na Chanjo alimpenda kama ndugu. Fundi alikaa na tambara lake begani, akiomba Mungu mazungumzo yasimgeukie yeye.

— Mteremko ule si wa kawaida, alianza Injinia, dereva wa lori mstaafu asiyewahi kusoma uinjinia hata wa baiskeli. Breki haishiki pale. Kuna sumaku chini ya ardhi.

— Acha kutuzuga, mzee mzima! alisema Kinyozi. Sumaku si ingevuta mpaka sufuria za watu?

— Zinavutwa. Kaulize kule juu kama kuna mtu anayo sufuria isiyobonyea.

— Mimi nawaambia ni oili feki, alisema Kinyozi. Siku hizi oili ya shokapu wanachanganya na ya kukaangia. Juzi nilipita nyuma ya pikipiki moja, nikasikia njaa!

Bi Birika, muuza kahawa, aligonga kikombe kwenye ndoo.

— Mwenzenu yuko hoi, nyie mnaongelea njaa. Hamna haya?

— Haya tunayo, mama, kahawa ndiyo hatuna, alijibu Kinyozi. Ongeza hapa.

Injinia aligeuka.

— Fundi, wewe uliipima lini mara ya mwisho?

Fundi aliweka kikombe chini.

— Jana hiyohiyo. Naipima kila asubuhi.

Na kweli aliipima. Kipimo chake mtaa mzima ulikijua, ndicho kilichompa jina. Alishika breki ya mbele, akagandamiza usukani kwa uzito wake wote, pua ya pikipiki ikazama. Ikirudi juu, basi: "Nenda baba, chuma kizima!" Dakika haijaisha. Kisha alifuta shokapu, zile nguzo mbili za mbele zinazoshika gurudumu, mpaka zing'ae, maana mteja hapendi uchafu. Ya kushoto ilikuwa na utando wa oili kila asubuhi, na kila asubuhi aliufuta. Alijua sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, imechoka. Alijua pia oili ikishuka inafika kwenye breki, hilo hata anayeanza kazi analijua. Alijiambia ataifungua wiki ikiisha, na wiki zikapita, na Chanjo naye kila siku ana haraka, watoto wanasubiri sindano.

— Basi Fundi hana kosa, alikata shauri Kinyozi. Hii ni husuda. Kuna watu kule juu hawataki chanjo, wamempiga kijicho.

— Kijicho juu, sumaku chini! alisema Injinia. Hapo hata ndege angeanguka.

Fundi alicheka nao. Alijichukia, lakini alicheka.

Mke wa Chanjo alitokea kwenye kona, mfuko wa nailoni mkononi. Walinyanyuka wote kumpisha. Hakukaa.

— Pole, shemeji, alisema Fundi. Mgonjwa ameamkaje?

— Wameukata.

Injinia alivua kofia. Yule mama alitoa suruali mfukoni, akaikunjua mbele yao.

— Nimefua hizi mpaka vidole vimechubuka. Mguu wa kushoto, oili. Kila siku oili. Nikamwambia, baba, pikipiki yako inavuja. Akanijibu, Fundi anaitazama kila asubuhi, kungekuwa na tatizo angeniambia.

Aliinama, akapitisha kidole kwenye shokapu ya kushoto. Kilitoka cheusi, kinang'aa.

— Shemeji, uliiona?

Kinyozi alitazama viatu vyake. Bi Birika aliinua birika, akalirudisha bila kummiminia mtu. Hakuna aliyekumbuka sumaku. Mkono wa Fundi, kwa mazoea tu, ukachomoa tambara begani ukakiendea kile kidole.

— Usiifute, alisema mke wa Chanjo. Hii iache.