Tundu la Mkate

Mimi sina tabia ya kusikiliza mazungumzo ya watu, ila siku ile kwenye kivuko cha Kamanga nilihama benchi mara mbili ili nisikie vizuri.

Teodora alikuwa amepakata mkate uliofunikwa kitambaa cha kufuma. Alimwambia kila aliyepita kwamba mwanawe Nestory, aliyemletea mashine ya kuoka mikate kutoka Ulaya, alikuwa anamsubiri ng'ambo auonje.

"Shikamoo mama," alisema Safia, binti aliyeketi karibu naye. "Hata mimi ninayo mashine hiyo, ila mkate wangu hauumuki."

"Marahaba. Hamira yako imelala, mwanangu. Ijaribu kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu, itupe. Na uache kufunuafunua kifuniko, mkate si bibi harusi!"

Safia akacheka, akauomba mkate, akaugeuza chini juu. "Mbona wako hauna tundu? Mkate wa mashine hubaki na tundu chini, pale kinapochomoka kile kijiti cha kukandia. Huu si wa dukani, mama?"

Teodora akalitazama ziwa kama mtu aliyeitwa. "Tundu nimeliziba," alisema.

Kivuko kikagota Kamanga. Nestory alikuwa ufukweni, chupa ya chai kwapani, na mkate bado umelala chali mikononi mwa Safia, upande usio na tundu ukiwa juu.