Bibi Nukta Anamwachia Mkuu Majedwali

Wengine tulipendekeza ukumbi wa sherehe ya kuaga upambwe kwa nukta badala ya maua. Ijumaa hii Bibi Nukta, mtunza takwimu wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja, na kompyuta za ofisi zimeshaanza kujihisi yatima.

Jina hilo amelipata kwa ukaidi. Akiunganisha majedwali mawili kwenye kompyuta, hachukui safu yoyote bila kutaja kwanza jedwali lake, kisha nukta, kisha safu yenyewe. Mkuu wetu, mwenye digrii mbili na haraka ya watu watatu, huweka alama ya nyota, yaani leta safu zote, halafu hushangaa ripoti ikitoka na upana wa shuka.

Bibi si malaika. Sukari yake huifungia kabatini kwa kufuli, na karani anayeandika safu bila jedwali hununiwa mpaka jioni.

Mwaka huu mkuu akaamua kuonyesha ufundi. Ili kupanga uhamisho wa kurudisha watu kwenye vituo vyao, aliunganisha jedwali la wafanyakazi na la magari, akaweka nyota yake, akaenda kunywa chai. Majedwali yote mawili yana safu iitwayo kituo, moja ya mahali pa kazi pa mtu, nyingine ya mahali gari lilipo. Ripoti ikabakiza ile ya magari. Mume wangu, dereva mtanashati kuliko wote (anayebisha aje aone picha za harusi), lori lake lilikuwa gereji ya tawi la mbali, limeng'olewa giaboksi. Basi barua ikamwamuru arudi huko, kwenye kituo chake cha kudumu, nasi hata zawadi za harusi hatujamaliza kufungua. Nililia mpaka mawifi wakaogopa.

Bibi Nukta hakunipa pole. Alishika kikombe chake, akaenda kumuuliza mkuu mbele ya watu tangu lini dereva akalala gereji, lori likabaki na mke. Akaketi kwenye kiti cha mkuu, akafuta nyota, akaandika wafanyakazi, nukta, kituo. Wenzangu huandikiwa mashairi ya mapenzi. Mimi niliandikiwa hilo, na sijasoma shairi tamu kama lile. Mkuu alisema kompyuta ilikuwa imechoka. Tukaipa pole.

Asante, mama, kwa kulinda takwimu zetu na ndoa zetu. Ulale mpaka jua likuamshe, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Mimi na mpenzi wangu tutakuja kukuona kabla mwezi haujaisha, maana mkuu ametangaza kwamba uhamisho ujao ataupanga mwenyewe.