Shangazi Rudisha Anakabidhi Meza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika hospitali hii, mkuu wa kitengo cha kompyuta anastaafu. Jina lake la kwenye barua wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Shangazi Rudisha, na ameshazoea kuitika.

Alianzia masjala, akiwa mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizifunika vitambaa zisiingie vumbi, yeye alizifunua. Alijifunza kuandika programu kwa kitabu kilichopoteza jalada, na kazi yake ya kwanza ilikuwa skrini ile ya mapokezi ya dharura, inayoonyesha nani anasubiri na nani aingie kwanza.

Ndani ya kumbukumbu ya mashine aliwatengea wagonjwa nafasi hamsini, akaona amejitanua kweli. Siku basi la abiria lilipopinduka na majeruhi wakajaa, mgonjwa wa hamsini na moja hakuwa na pa kuandikwa. Alikuwa mtoto mwenye homa kali, kimya kwenye benchi, na skrini haikujua kama yupo. Muuguzi mmoja alimwona kwa macho yake, mtoto akapona. Shangazi hakupona haraka hivyo.

Alirudi kwenye kitabu, akakuta jambo lililomnyamazisha, na kwa wanaomjua hilo peke yake ni habari. Kumbe programu inaweza kuomba nafasi ikiwa kazini, kila mgonjwa anapofika, bila kujua mapema watakuja wangapi. Nyumba inayoongeza chumba mgeni anapobisha hodi! Hadi leo akilieleza hilo sauti yake hushuka, kama mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Akaandika upya. Mashine ikaenda siku mbili, ikaanza kujikokota, ikazima. Mganga mkuu akampa wiki moja: ikizima tena, kalamu na karatasi zirudi mapokezi, na yeye arudi kwenye taipureta. Shangazi akagundua kwamba aliomba vyumba vyote hivyo lakini hakurudisha hata kimoja. Wagonjwa walikwenda nyumbani, vyumba vikabaki vimefungwa.

Akaongeza amri ya kurudisha, ila aliiweka mapema mno. Nafasi ya mzee mwenye mguu uliovunjika ikapewa mama mjamzito, huku programu ikiendelea kumtafuta mzee palepale. Mzee akaitwa wodi ya wazazi. "Twende, mwanangu," alimwambia msukuma kiti cha magurudumu, "ila mke wangu mpeni habari polepole."

Shangazi alicheka mpaka machozi, kisha akarekebisha: kwanza maliza na mgonjwa, ndipo urudishe nafasi, na anwani yake, yaani alama ya mahali ilipokuwa kwenye kumbukumbu, uifute usiiguse tena. Wiki ikaisha skrini inawaka. Inawaka mpaka leo.

Kila aliyeanza kazi kitengoni amepitia mikononi mwake, na swali ni lile lile: "Umeomba. Umerudisha?" Humuuliza hata mganga mkuu, kuhusu vikombe vya chai anavyoazima kitengoni.

Juzi alirudisha ufunguo na kiti cha ofisi. Akatuonya tusibishe hodi mlango wa ofisi yake kwa mazoea, maana tutamkuta mtu mwingine. Kisha akashuka mapokezi, akasimama mbele ya skrini. Jina likatoka, jingine likaingia mahali pake. Akaendelea kutazama, mdomo wazi, kana kwamba programu ile imeandikwa na mtu mwingine.

Asante, Shangazi. Kwenye benchi lile hakuna tena asiyeonekana. Tunakutakia siku pana, zenye chumba kwa kila atakayebisha hodi.