Bwana Andati na Vijana Waliolala Nyasini

Tarehe 30 Juni 1987, Bwana Javan Andati atakabidhi funguo za ukumbi wetu wa jamii hapa Makadara baada ya kuutumikia miaka ishirini na minne. Aliajiriwa kufagia na kupanga viti. Mpanga viti aligeukaje kuwa kocha wa raga, mchezo ambao hata yeye alikuwa hajauona? Swali hilo limeniwasha tangu nilipoletwa hapa kuwa karani.

Kumbe chanzo ni mpira wenyewe. Mwaka 1974 mfadhili fulani alituletea sanduku la vifaa vya michezo, na ndani mlikuwa na mpira wenye umbo la yai. Wengi walidhani umeharibika. Andati hakuridhika. Jumamosi iliyofuata alipanda basi hadi ng'ambo ya mji kuwatazama wenye mchezo wao, na akaendelea kwenda mpaka akaelewa, kisha akaanza kuwafundisha vijana wa mtaa.

Tatizo lilikuwa kiwanja. Chetu ni murram, udongo mgumu wa changarawe, na vigae vya chupa. Bi. Wacuka, muuguzi wa zahanati ya jirani, alichoka kushona magoti akamwambia Andati achague: ama vijana wake waache kuanguka, ama yeye aache kuwashona. Andati akatunga sheria isiyo katika kitabu chochote: anayeanguka anatoka nje. Basi vijana wakajifunza kucheza wima. Walimkaba mtu kwa kumkumbatia na kumsukuma kinyumenyume, na wakatoa pasi kabla ya kuguswa. Mgeni angedhani wanacheza ngoma.

Mwaka 1978 maji yalizidi unga. Wapenzi wa kandanda walikitaka kiwanja, na mkuu wa ukumbi akaamua kwamba asipopatikana hata kijana mmoja wa kuingia timu ya vijana ya Mkoa wa Nairobi, raga itafungwa. Andati hakulala vizuri wiki hiyo, na hakuficha.

Majaribio ya timu hiyo yalifanyika kwenye shule moja yenye nyasi nzito, nzuri ajabu. Hapo ndipo tulipoumbuka. Nahodha wetu, Nabiswa, alianguka kwa bahati mbaya, akaona haumii, akapaza sauti: "Maze, hii ni godoro!" Kuanzia hapo kila mtu akawa anajiangusha, mwenye mpira na asiye nao. Mteuzi mmoja aliniuliza kwa upole kama watoto hawa walikuwa wamekula.

Wakati wa mapumziko nilifika na beseni la machungwa, nikingoja Andati afoke. Hakufoka. Aliwaambia walale chali, wabingirike, washibe nyasi. Kisha akavua viatu akalala katikati yao, mbele ya waheshimiwa wote. Machungwa yaliliwa vivyo hivyo. Filimbi ilipolia, akawauliza kama wameshiba. Wakasema wameshiba.

Hakuna aliyeanguka tena. Wapinzani wetu, waliozoea watu wa kuangushwa, walishangaa kujikuta wamekumbatiwa na kurudishwa hadi kwenye mstari wao. Tulifunga trai nne. Vijana watatu walichaguliwa, Nabiswa akiwa wa kwanza, na kiwanja kikabaki chetu. Tangu mwaka ule timu ya mkoa haijawahi kukosa kijana wa Makadara.

Kwa miaka tisa nimemsifu Andati kwa ujanja wa siku ile. Juzi nikamuuliza alipata wapi wazo hilo. Akacheka mpaka akakohoa. Hakuwa na wazo lolote! Alikuwa ameishiwa na la kusema, alijua raga imekwisha, na harufu ya zile nyasi ilimkumbusha kwao Maragoli. Akatamani kulala tu, akaona si haki alale peke yake.

Sasa anarudi Maragoli kwenyewe. Sisi wenzake tutamkosa, na hatuoni haya kusema hivyo. Siku ya kuagana nyama itatoka soko la Burma, na Nabiswa ameahidi kuja na machungwa.

Mzee Andati, asante kwa kutufundisha kusimama. Nenda salama, na uzee wako uwe mwema. Vua viatu, lala chali nyasini. Ukishiba, njoo ututazame.

Wakiuru, karani wa ukumbi