Mama Subiri na Chipu Iliyoogopa Jua

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Subiri anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kubuni chipu za analogi katika jengo hili. Kazi yote anayoijua nilimfundisha mimi, mzee wa stoo. Haya, nimetia chumvi: nilimwonyesha choo na swichi ya taa za maabara. Mengine alijifunza mwenyewe.

Miaka sita ya mwanzo alirekebisha michoro ya wakubwa wake, nao wakatia sahihi kana kwamba hawajawahi kukosea. Akapanda, akawa mkuu wa kitengo. Ofisi yenye kapeti aliyopewa akaijaza maboksi, akarudi mezani kwake penye nyaya. Koleo ndogo alizoazima stoo ni kumi na moja. Sijaziona tena.

Wahandisi wengi hapa hushughulika na chipu za dijitali, za ndiyo na hapana tu. Yeye alishughulika na kiasi, kama fundi anayekaza nati: ikilegea balaa, ikizidi inakatika. Ukimuuliza kama kazi imekwisha, jibu lilikuwa moja: “Subiri kwanza, nipime tena.” Jina likamganda.

Kisha ukaja mwaka wa chipu ya kifaa cha kusikia. Asubuhi na mapema ikipimwa, safi. Ikifika saa nne inapandisha mashetani, namba zinaruka ovyo. Wiki tatu! Mkurugenzi akatangaza kwamba isipotulia kufikia Jumatatu, mradi unafungwa na watu saba wa kitengo wanakwenda nyumbani. Mama Subiri akachora upya, akapima upya, chakula akakisahau.

Ijumaa niliingia na ngazi kubadilisha taa. Jua lilikuwa linanichoma upara, nikafunga pazia. Namba zikatulia tuli. Akaniamuru nifungue, zikaruka. Nifunge; zikatulia. Chipu ya majaribio ilikuwa wazi, bila kifuniko, na mwanga ukiipiga huzua umeme wake wenyewe. Hilo wanafundishwa darasani. Watu saba wenye shahada walilisahau, na aliyekuwa akifungua pazia kila siku saa nne ni mimi.

Kwenye ripoti aliandika mstari mmoja: kosa ni langu, sikuifunika. Pazia hakulitaja, wala mwenye pazia. Mradi ukapona, na wote saba wakabaki na kazi.

Mama Subiri, tunakushukuru. Kapumzike, ulale mpaka jua lichoke kukusubiri, na afya iwe nawe.

Siku ile uliniambia, “Mzee, nina deni lako.” Sasa nalidai. Mke wangu amepewa kifaa chenye chipu yako, kimelala kabatini mwezi mzima. Anasema haingizi sikioni kitu ambacho hamjui aliyekitengeneza. Pita nyumbani Jumamosi umvalishe. Ila sauti ifungulie kidogo tu. Nimeshazoea kumjibu chinichini.