Shokapu za Saulo na Mkwe wa Nyololo

Kijiwe chetu kipo Soweto, hapa hapa Mbeya. Ni ubao uliolazwa juu ya matofali mbele ya uwanja wa Saulo, na uwanja wenyewe hauna ukuta, kwa hiyo kila anachofanya tunakiona na tunakitolea maoni. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali, na pikipiki yake ilikuwa juu ya kreti la soda, tairi la nyuma limetolewa, shokapu zote mbili zimelala kwenye gunia. Alizifungua mwenyewe jana jioni, sasa anazirudisha mwenyewe. Mama mkwe wake alikuwa njiani kutoka Nyololo kuja kumwona mjukuu, na ukweni huko walishasema binti yao kaolewa na mtu asiye na kazi. Saulo alimwapia mkewe Bupe kwamba atampokea mama stendi kwa pikipiki yake mwenyewe, wamwone ni dereva kweli. Sisi tulimsaidia tukiwa tumekaa.

— Hizo umegeuza, Saulo! — alisema Brayson. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi wa gereji. — Upande wa springi unakaa chini.

— Jana si ulisema juu?

— Jana ulikuwa hujafungua. Kitu kikishafunguliwa kinabadilika.

Mzee Kalinga alipuliza kahawa yake. Huyo ni Waziri, maana tangu nimfahamu hajawahi kusema sijui.

— Usimsikilize mlinzi. Ya kushoto inatakiwa iwe fupi. Barabara zetu za milimani zimelala upande. Hizi pikipiki wametengenezewa watu wa tambarare.

— Sasa Waziri, kwenda barabara imelala kushoto. Kurudi je? — aliuliza Saulo.

— Kurudi si huna abiria!

Wakacheka. Mimi niliona hilo halijakaa sawa, lakini kahawa ilikuwa ya moto na sikutaka ugomvi.

— Kwani lazima zirudi? — aliuliza Fred, muuza kahawa, birika mkononi. — Funga mipira ya tyubu. Mjomba wangu kule Kihesa, Iringa, alifunga hivyo, na mpaka leo yupo.

— Pikipiki ipo?

— Mjomba. Pikipiki sijaiulizia.

Injinia akaona anapitwa.

— Jamani, mnasahau gesi. Shokapu ina gesi, na huku kwetu baridi inaigandisha. Lazima uipashe moto kwanza. Weka jikoni kidogo tu, ikianza kunukia unafunga.

Nilidhani Saulo atamtukana. Wapi! Alibeba shokapu moja akaingia nayo ndani. Tukamsikia Bupe.

— Nitoe sufuria ya kuku wa mama niweke vyuma vyako? Saulo, una akili wewe? Ameshafika Makambako huko, na wewe unapika pikipiki!

Akarudi nayo kichwa chini. Maskini. Shokapu ya kwanza ikakubali. Ya pili tundu halikukutana na tundu, kwa sababu ule uma unaoshika tairi ulikuwa umening'inia.

— Mmoja wenu ainyanyue hapa, nipitishe bolti. Dakika moja tu, jamani.

— Mgongo wangu unaujua, — alisema Injinia.

— Mimi nimeshika kikombe, — alisema Waziri.

Mimi nikaangalia simu. Haikuwa na kitu.

Akahangaika peke yake, goti huku, bega huku, bolti inadondoka, anaitafuta kwenye vumbi, inadondoka tena. Saa zikaenda hivyo hivyo. Bajaji ikasimama. Akashuka mama mmoja, kitenge mabegani, kuku mkononi, kikapu cha parachichi. Hapo wote tukasimama haraka.

— Kamwene, mama! — tulimsalimu kwa lugha ya kwao, kwa pamoja, kwa adabu ya ajabu.

— Kamwene.

Saulo alichuchumaa kumsalimia, mikono yenye grisi ameificha nyuma.

— Nisamehe mama. Nilikuwa nataka kukufuata.

Mama aliiangalia pikipiki.

— Ilikuwa na ubovu gani?

— Ilikuwa na mlio, mama.

— Ulikuwa unausikia?

Saulo alielekeza kidevu kwenye ubao wetu.

— Hapana, mama. Wao ndio waliusikia.

Mama akatugeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

— Mlio gani, wanangu?

Injinia alimwangalia Waziri. Waziri alimwangalia Fred. Fred alitikisa birika, lilikuwa tupu. Mimi jana nilisema unatoka nyuma, upande wa kulia, na wala sikuwa nimesikia chochote. Tulikuwa tunaongea tu.

Bupe alikuwa ameshatoka mlangoni. Mama akamkabidhi kuku na kikapu, akajifunga kitenge kiunoni, akainama, akaushika ule uma kwa mikono miwili.

— Haya baba, pitisha.

Mama mkwe ameinamia chuma mbele ya mkwewe, na wanaume wanne tumesimama tunaangalia. Bolti ikaingia mara moja. Hakuna aliyejitolea hata kumpa maji ya kunawa.