Mwisho Kesho Saa Sita

Benchi letu liko nje ya duka la kahawa, karibu na stesheni ya Guildford, huku ughaibuni. Mwaka ule wa korona tulikaa tukiachiana nafasi, barakoa zikiwa kidevuni, na mazungumzo yalikuwa mamoja: nyumba aliyokuwa akinunua mwenzetu Mushagalusa. Yeye alikuwa ameshasaini mkataba. Mwenye nyumba, anayeiuza, bado. Ajenti aliichukua bei yake na kuwapigia nayo wanunuzi wengine, ili waipandishe. Na Mushagalusa na mkewe Faida walikuwa wamekwisha kutoa notisi ya kuhama pale wanapopanga.

Blaise, tunayemwita Wakili ingawa kazi yake ni kupanga makasha ghalani, alishikilia kwamba mwenye nyumba ni mgonjwa, hawezi kushika kalamu. Ishmael wa Nairobi, jina lake la utani Redio, alisema hakuna mwenye nyumba. Ni ajenti mwenyewe amejificha. Kisha akamgeukia Mushagalusa.

— Uliingia ndani kweli?

— Niliingia, kaka.

— Mpaka jikoni?

— Mpaka jikoni.

— Basi wamejenga mbele tu. Nyuma hakuna kitu, buda.

— Jikoni iko nyuma, Redio.

Pembeni alikuwepo msichana akingoja kahawa yake: Kokushubila, mwanafunzi kutoka mtaa wa Kensington, amekuja kumwona shangazi yake. Alituamkia, akamwelekea Mushagalusa.

— Samahani, baba. Ajenti ulimpa mwisho lini wa kupata saini?

Mushagalusa alieleza kwamba alimwambia ajenti asiwe na haraka. Kwa mila za kwao anayeomba hamsukumi anayeombwa; wakwe zake aliwangoja hivyo hivyo, na Faida akampata.

— Lakini hapa huombi, baba, Kokushubila alisema kwa upole. Unanunua.

Mushagalusa alimpigia ajenti simu palepale. Mwenye nyumba asaini kabla ya kesho saa sita mchana. Ikipita hapo, yeye hamo tena.

Kesho yake tulifika mapema wote. Simu ililia kabla ya adhuhuri. Mwenye nyumba amesaini. Mushagalusa aliketi, akavuta pumzi, akampigia Faida kazini, kwenye makao ya wazee, simu ikiwa kwenye spika, sote tukisikia.

— Mama, nyumba ni yetu.

Faida akauliza:

— Wewe umekula?

Walicheka wote, na mimi nilicheka. Kisha niliinuka kwenda kuagiza kahawa nyingine, ingawa yangu ilikuwa bado imejaa. Tangu nimzike mke wangu, hakuna aliyeniuliza kama nimekula.